Safu ya Lugha: Spika si boksi
Katika gereji za Kahama, Shinyanga na Geita ni kawaida kusikia, "Fundi, nitengenezee spika ya faiba kwenye buti." Fundi wa gereji hatengenezi spika. Spika, neno tulilolitoa Kiingereza, ni kifaa chenye koni na sumaku kinachotoa sauti. Anachokitengeneza fundi kwa kitambaa, faiba (yaani nyuzi za kioo) na resini, kikafuata umbo la buti, ni boksi la spika. Tofauti hii ni muhimu: bila boksi, mawimbi ya mbele na ya nyuma ya koni hufutana, besi ikapotea.

Kwa nini boksi, si sanduku wala kasha? Sanduku, neno la asili ya Kiarabu, tumezoea kuliona na kifuniko, la kuwekea nguo. Kasha, lenye asili ya Kireno, ni sanduku kubwa na imara. Kwa kazi hii, boksi ndilo neno lililokwisha kuzoeleka kwa mafundi; tulitumie. Na kwa spika yenyewe, kipaza sauti tukiache, kwani wengi humaanisha maikrofoni. Ndugu fundi, andika kwenye risiti: "boksi la spika la faiba", mteja ajue analipia nini.