Korija na Mkoko: Msamiati wa Biashara ya Boriti katika Delta ya Rufiji

Historia ya Waswahili na Bahari ya Hindi mara nyingi huandikwa kama historia ya kupokea: dini kutoka ng'ambo, maneno kutoka ng'ambo, shehena kutoka ng'ambo. Delta ya Rufiji, ambayo sehemu yake ya kaskazini leo imo wilayani Kibiti, inatulazimu kuitazama upya picha hiyo, kwani huku jahazi lilikuja kuchukua. Makala haya yanadai kwamba msamiati wa biashara ya boriti umebeba mgawanyo wa kazi kati ya mkataji na baharia, na kwamba mgawanyo huo unasaidia kueleza kwa nini baadhi ya maneno hayo yanadumu na mengine yanafifia.

Msitu wa mikoko wa Rufiji, wenye zaidi ya hekta 50,000, ni mkubwa kuliko mwingine wowote wa aina yake Afrika Mashariki. Ghuba ya Uajemi ilikuwa na uhaba mkubwa wa miti ya kujengea. Kwa hiyo dari za Kuwait na Bahrain zilibebwa na boriti za pwani yetu, na upana wa chumba ukafuata urefu wa boriti, kama ilivyokuwa Lamu. Majahazi yalishuka na kaskazi, yakarudi na kusi. Wajerumani waliuhifadhi msitu huo mwaka 1898, lakini biashara iliendelea. Mwaka 1939 Alan Villiers, baharia Mwaustralia, alifika Rufiji katika jahazi la Kuwait lililoongozwa na nahodha Ali bin Nasr al-Najdi, akaisimulia safari hiyo katika *Sons of Sindbad* (1940). Masimulizi yake ni ya mtu wa chomboni. Upande wa mkataji inabidi tuutafute katika lugha.

Tuanze msituni. Mkoko, msinzi, mchu na mkomafi yote ni majina ya ngeli ya M-/MI-, kama miti mingine ya Kibantu. Mti ukishakatwa hupewa jina la ukubwa wake, na hapa pia sarufi ya Kibantu inatawala: ufito/fito, upau/pau, nguzo. Tukifika kwenye chombo, mambo yanabadilika. Nahodha na bandari yana asili ya Kiajemi. Nauli limepitia Kiarabu. Kati ya msitu na chombo limesimama neno moja la hesabu, korija, yaani miti 20, ambalo lina ndugu yake katika Kireno, *corja*, na chimbuko lake hutafutwa Bara Hindi.

Korija ndipo pande mbili zilipokutana. Wakazi wa delta, Wanyagatwa na Warufiji, kwa wingi ni Waislamu; salamu, swala na Ramadhani viliwaunganisha na wageni wao. Hata hivyo, udugu wa dini haukuondoa haja ya kuhesabu. Mkataji asiyeijua korija asingejua anachodai, na nahodha asiyejua tofauti ya pau na boriti asingejua anachonunua.

Katikati ya karne ya 20, mapato ya mafuta yaliipatia Ghuba saruji na chuma, na dari za boriti zikaanza kuachwa. Mwaka 1987 Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku ukataji wa mikoko. Tangu hapo maneno yamefuata njia tofauti. Majina ya miti yanaishi, kwa sababu miti ingali imesimama na watu wangali wanaishi kando yake. Nahodha limepata makao mapya: kijana wa Nyamisati hulisikia kila wiki katika habari za mpira. Korija halikupata timu ya kuiongoza. Lilikuwa neno la muamala, na muamala ulipokoma lilibaki bila kazi.

Kamusi zetu zimehifadhi idadi, kwamba korija ni ishirini. Hazituelezi nani alihesabu, nani alishuhudia, na mti uliopinda uliingizwaje katika hesabu. Maarifa hayo wanayo wazee waliofanya kazi hiyo, na idadi yao inapungua kila mwaka. Utafiti wa msamiati wa delta hauna budi kuanza kwao, kabla ya hesabu hiyo nayo kufungwa.