Kapu la Sadaka na Swali la Haki



Wapendwa waamini, jumuiya zetu ndogo ndogo hukusanya unga, maharage na sabuni kwa ajili ya wajane, yatima na wagonjwa. Ni desturi njema. Wiki hii tuitafakari kwa kuangalia historia ya vijana wachache wa Paris, ambao kutoka katika nyumba za maskini walirudi na swali linalotuhusu hata sisi.

Mwaka 1832 kipindupindu kiliua zaidi ya watu 18,000 katika jiji hilo. Wakati huo Frédéric Ozanam, mwanafunzi wa sheria, alikuwa akishiriki midahalo ya historia pamoja na wenzake, wakilitetea Kanisa kwa hoja. Wapinzani wao waliwajibu kwamba Ukristo ulitenda makuu zamani. Sasa je, unawafanyia nini maskini? Neno hilo liliwachoma. Tarehe 23 Aprili 1833, siku Ozanam alipotimiza miaka 20, wanafunzi sita walikutana na Emmanuel Bailly, mhariri wa gazeti, wakaanzisha umoja uliokuja kuitwa Chama cha Mtakatifu Vinsenti wa Paulo.

Kwa kuwa hawakuijua njia, walimwendea Sista Rosalie Rendu, wa Shirika la Mabinti wa Upendo, aliyehudumu katika mtaa wa Mouffetard. Huyo ndiye aliyekuwa mwalimu wao. Aliwaelekeza kwa familia za kutembelea, akawapatia hati za kupatia mkate, na kuwafundisha kusikiliza pasipo haraka ya kuhukumu. Taratibu zao zilikuwa nyepesi: kila mmoja aende mwenyewe nyumbani kwa maskini, na katika kila mkutano mfuko upitishwe ili kila mwanachama atoe kimya kimya kadiri ya uwezo wake.

Basi, kutoa huko kukawa shule. Ozanam alitambua kwamba mkate wa leo haujibu kwa nini mfanyakazi anayetoka jasho kutwa nzima analala na njaa. Katika masomo ya sheria ya biashara aliyoyafundisha mjini Lyon kuanzia mwaka 1839, alizungumzia ujira wa haki, zaidi ya miaka 50 kabla ya Baba Mtakatifu Leo XIII kutoa waraka wa Rerum Novarum mwaka 1891. Kwake, upendo ni yule Msamaria anayefunga majeraha. Haki nayo ina kazi ya kuwazuia wanyang'anyi wasiendelee kuvizia njiani. Hakuchagua mmoja na kumwacha mwenzake. Aliendelea kuwatembelea maskini, na aliendelea kuuliza.

Nasi tunao urithi huo. Maaskofu wa AMECEA, walipokutana Nairobi mwaka 1976, waliziweka jumuiya ndogo ndogo kuwa kipaumbele cha kichungaji. Humo tunasoma Injili na humo tunachanga. Mambo hayo mawili yasitengane. Tunapompelekea mjane unga, tuulize pia ni nani aliyemnyang'anya shamba la marehemu mumewe, na kama mnyang'anyi huyo husali pamoja nasi. Tunapomchangia kibarua aliyeugua, tuulize alikuwa akilipwa kiasi gani. Na kabla hatujatia noti kapuni, tujiulize: binti anayetupikia na kutulelea watoto, je, amepata mshahara wake wa mwezi uliopita? Sadaka itokayo katika ujira uliozuiliwa si yetu kuitoa. Ni mali yake.

Kwa hiyo tunapendekeza kwamba kila jumuiya, katika mkutano wake ujao, baada ya kuhesabu michango itenge nusu saa ya kujadili chanzo cha shida ya familia moja inayosaidiwa, kwa kuwasikiliza kwanza wenye shida wenyewe na kutunza heshima yao.

Mwenyeheri Frédéric Ozanam, aliyetangazwa mwaka 1997, na Mwenyeheri Rosalie Rendu, aliyetangazwa mwaka 2003, watuombee. Dominika njema.