Bildi, Batli na Mwangwi: Vipimo vya Kina na Mwendo katika Vyombo Vidogo vya Tanga

Bildi ni kipande cha risasi kilichofungwa kwenye kamba ndefu, na hakuna kifaa cha kupimia kina kilichodumu baharini kama hicho. Herodotus, mwanahistoria wa Kigiriki wa karne ya 5 K.K., ameandika kwamba baharia aendaye Misri, akiwa bado na safari ya siku moja kufika nchi kavu, akishusha bildi hupata kina cha pima 11 na kuibua tope. Tope hilo lililetwa na mto Nile. Tangu wakati huo bildi ilitoa habari mbili kwa pamoja: maji yana kina gani, na chini kuna nini.

Katika meli za Waingereza kazi hii ilikuwa na utaratibu wake. Risasi ya kutupwa kwa mkono ilikuwa na uzito wa ratili 7 hadi 14, na kamba yake ilitiwa alama: vipande viwili vya ngozi kwenye pima 2, vitatu kwenye pima 3, kitambaa cheupe kwenye 5, chekundu kwenye 7, ngozi yenye tundu kwenye 10. Vitambaa vilikuwa vya nguo za aina tofauti, ili mpiga bildi azitambue alama gizani kwa kupapasa. Risasi ilitupwa mbele, kwa sababu chombo kiko mwendoni. Alama ilisomwa pale kamba iliposimama wima. Kitako cha risasi kilikuwa na kishimo kilichojazwa shahamu, na humo vilinasa mchanga, tope au vipande vya kauri, ambavyo nahodha alivilinganisha na maandishi ya ramani.

Kapteni William Fitzwilliam Owen, aliyepima pwani ya Afrika Mashariki kwa ajili ya Jeshi la Wanamaji la Uingereza kati ya 1822 na 1826, alitegemea bildi hiyohiyo. Nyuma ya tarakimu za kina katika ramani zake kuna mkono wa mtu aliyetupa risasi, na wengi wa watu wake walikufa kwa homa kabla kazi haijaisha. Gharama hiyo inastahili kukumbukwa kila ramani za zamani zinaposifiwa.

Mwendo ulichelewa kupata kifaa chake. Maelezo ya kwanza ya batli yaliyochapishwa yamo katika kitabu cha William Bourne cha 1574. Ubao mdogo ulitupwa nyuma ya tezi, ukatulia majini, huku kamba yenye mafundo ikifunguka mkononi kwa muda wa kioo cha mchanga. Kwa kioo cha sekunde 28, mafundo yaliachana kwa mita 14.4 hivi, na idadi ya mafundo yaliyopita ndiyo ilikuwa maili za baharini kwa saa. Kasoro yake ni kwamba ilipima dakika ile tu. Upepo ukibadilika baadaye, hesabu ilikuwa ya kukisia.

Edward Massey aliisajili batli ya kuzunguka mwaka 1802, na Thomas Walker akaiboresha mwaka 1861. Pangaboi dogo liliburutwa nyuma ya chombo, likahesabu umbali wote uliokwenda. Kwa mashua yenye mtu mmoja au wawili faida ilikuwa kubwa, maana hakukuhitajika mikono mitatu ya kushika kamba, ubao na kioo. Joshua Slocum, aliyeizunguka dunia peke yake katika mashua yake Spray kati ya 1895 na 1898, aliburuta batli ya aina hii.

Mwangwi ulikuja kwa njia nyingine. Titanic ilipozama mwaka 1912, Mjerumani Alexander Behm alitafuta namna ya kugundua milima ya barafu kwa sauti. Alichokipata, na kukisajili mwaka 1913, kilifaa zaidi kupimia kina. Sauti husafiri majini kiasi cha mita 1,500 kwa sekunde, hivyo kwenye kina cha mita 3 huenda na kurudi kwa sehemu 4 za elfu za sekunde. Mitambo ya mwanzo ilikuwa ya meli kubwa. Chombo kidogo, chenye betri moja, kilisubiri transista, iliyobuniwa mwaka 1947. Vipima kina vya miaka ya 1960 vilikuwa na taa ndogo iliyozungushwa na mota: iliwaka kwenye sifuri sauti ilipotoka, ikawaka tena mwangwi uliporudi, na hapo ndipo kina kiliposomwa. Ila vipima kina hivyo havikunasa mchanga wala tope.

Kuanzia hapo kupima kulihama kutoka kwenye kamba hadi kwenye tundu lililotobolewa chini ya chombo, takriban milimita 50 kwa upana. Mahali pake ni mbele ya mkuku, karibu na mstari wa katikati, ambapo maji hayajavurugwa na mkuku hauizibi sauti. Chombo cha mbao hufungwa kitako cha bronzi, kwa sababu mbao zikilowa huvimba na kupasua plastiki. Chombo cha chuma hufungwa cha plastiki, kuepusha kutu. Kwenye faiba nzima, isiyo na povu katikati, kipima kina kinaweza kukaa ndani bila kutoboa.

Kipima mwendo ni gurudumu dogo lenye sumaku, na mwani hulikwamisha mara kwa mara, kwa hiyo huchomolewa likasafishwa na kizibo huwekwa haraka mahali pake. Hurekebishwa kwa kwenda maili iliyopimwa, kwenda na kurudi, ili mkondo ujifute. Kinachotafutiwa wastani ni mwendo wa pande zote mbili, si muda. Kipima kina nacho lazima kielezwe kianzie wapi. Namba 2.0 ikihesabiwa kutoka chini ya mkuku ni salama. Ikihesabiwa kutoka usawa wa maji, chombo chenye mkuku wa mita 1.8 kimebakiza sentimita 20 tu.

GPS ilipoenea, wengi waliona gurudumu halina kazi tena. Lakini GPS hupima mwendo juu ya ardhi, na gurudumu hupima mwendo ndani ya maji. Tofauti ya hivyo viwili ndiyo humwonyesha nahodha nguvu ya mkondo.