Vidole Gumba na Kisu: Safari Ndefu ya Kutibu Kiungo cha Taya

Kesi ya 25 katika gombo la mafunjo liitwalo Edwin Smith inahusu mtu aliyefunua kinywa kikakataa kufumba. Tabibu wa Misri anaelekezwa aingize vidole gumba viwili mdomoni mwa mgonjwa, avikalishe juu ya ncha za nyuma za taya, vidole vilivyobaki avikamatishe chini ya kidevu, kisha alirudishe taya nyuma lilale mahali pake. Gombo liliandikwa yapata mwaka 1600 kabla ya Kristo, nalo linanakili maandishi ya zamani zaidi. Daktari wa zamu leo, akiletewa mtu aliyepiga mwayo hadi taya likachomoka, hufanya karibu vilevile. Kilichoongezeka ni glavu, na pengine sindano ya kulegeza misuli.

Hippocrates wa Ugiriki alieleza mbinu inayofanana na hiyo, akaonya kwamba taya lililochomoka pande zote mbili lisiporudishwa, mgonjwa huweza kufa karibu siku ya kumi. Hapo alitia chumvi. Mnamo mwaka 1000 hivi, al-Zahrawi wa Cordoba aliingiza uchomokaji wa taya katika juzuu yake ya upasuaji, na kutoka kwa Waarabu elimu hiyo ikarudi Ulaya.

Mbinu imedumu kwa sababu inalingana na umbo la kiungo chenyewe. Weka kidole mbele kidogo ya tundu la sikio, kisha panua mdomo taratibu: utahisi kinundu cha mfupa kikizunguka kwanza, halafu kikiteleza mbele. Kati yake na fuvu kuna kisahani cha gegedu kinachosafiri nacho. Kinundu kikivuka tuta la mfupa lililo mbele yake, misuli hukaza na kukizuia kisirudi. Hilo ni tatizo la kitu kuhama, na dawa yake ni kukirudisha.

Lakini wengi wanaoumwa kiungo hiki hawajachomoka taya. Wanalalamika maumivu wakitafuna, mlio kila wanapofungua mdomo, kichwa kuuma asubuhi baada ya kusaga meno usiku, kinywa kufunguka nusu tu. Ushindi wa vidole gumba, naona, uliwazoesha matabibu kudhani kwamba na hapa pia lazima kuna kitu kimehama. Mwaka 1887, Thomas Annandale, mpasuaji wa Edinburgh, alichapisha habari za wagonjwa wawili aliowafungua kiungo na kukishona kisahani kilichotoka mahali pake. Wengine baada yake walikiondoa kabisa.

Aliyelifanya tatizo hili liwe maarufu ni James Costen, daktari wa masikio na koo wa St. Louis, Marekani. Mwaka 1934 alieleza wagonjwa 11 wenye masikio yaliyoziba na kuvuma, kizunguzungu na maumivu. Alisema wakipoteza magego, taya hupanda juu kupita kiasi na kinundu hukandamiza neva. Dawa: kuinua mdomo kwa meno ya bandia. Mwaka 1948 Harry Sicher, bingwa wa anatomia, alionyesha kwamba kwa maumbile ya kiungo hicho, mkandamizo huo hauwezekani. Nadharia ilianguka, lakini desturi haikuanguka nayo. Madaktari wa meno waliendelea kuchonga meno mazima ili yakutane sawasawa, wakiamini mgongano wa meno ndio unaovuruga kiungo.

Laszlo Schwartz, katika Chuo Kikuu cha Columbia miaka ya 1950, aligeuza macho kutoka kwenye mfupa hadi kwenye misuli, na kwa mtu mwenye misuli hiyo. Daniel Laskin wa Chicago akaendeleza hoja hiyo mwaka 1969. Kisha, mwaka 1976, yeye na wenzake wakafanya jaribio ambalo kwangu ndilo tamu kuliko yote katika historia hii: waliwafanyia wagonjwa 25 uchongaji wa meno wa kuigiza. Hakuna jino lililopungua. Wagonjwa 16 walisema maumivu yameisha, au karibu kuisha.

Ungetegemea kisu kipumzike. Badala yake, picha mpya za miaka ya 1970 ziliwaonyesha wapasuaji visahani vilivyohama, na tamaa ya kurekebisha ikarudi kwa nguvu. Kampuni ya Vitek ya Houston ilitengeneza visahani bandia vyenye Teflon, na mwaka 1983 mamlaka ya Marekani iliruhusu viuzwe. Vilipotafuniwa vilimomonyoka, mwili ukapambana na chembechembe zake, na katika pambano hilo mfupa wa wagonjwa ukaliwa, kwa baadhi yao hadi karibu na ubongo. Kampuni ilifilisika mwaka 1990. Wengi waliopandikizwa walibaki na maumivu makali kuliko yale waliyoyapeleka hospitali.

Mwaka uliofuata, Dorrit Nitzan na wenzake walieleza njia ndogo sana: sindano mbili, kiungo kinasafishwa kwa maji maji, mdomo unafunguka. Kisahani hubaki palepale kilipohamia, na bado mgonjwa hupata nafuu. Picha za watu wasioumwa kabisa nazo zilionyesha kwamba takriban theluthi moja wana kisahani kilichohama na hawana habari.

Mwongozo wa kimataifa uliochapishwa katika jarida la BMJ mwaka 2023 kwa wenye maumivu sugu unapendekeza mazoezi ya taya yanayosimamiwa, mikono ya mtaalamu wa viungo, elimu na ushauri wa kisaikolojia. Unapinga vikali kuondoa kisahani, na vifaa vya mdomoni vinavyobadilisha meno kwa namna isiyorekebishika.

Kisu kina mahali pake. Mtoto akianguka na kupigiza kidevu, au usaha wa sikio usipotibiwa, mfupa wa taya huweza kugandana na fuvu, na mdomo usifunguke hata kwa upana wa kijiko. Hapo mazoezi hayafai kitu mpaka mpasuaji akate pale palipogandana. Akishamaliza, mtoto anatakiwa kuupanua mdomo kila siku kwa miezi mingi, hata kama analia, kwa sababu mfupa huota tena.