Kusoma na Kueleweka: Vijana wa Fizi na Baraka

Kiswahili kilifika Fizi, mashariki mwa Kongo, kwa mitumbwi kutoka ng'ambo ya mashariki ya Ziwa Tanganyika. Katikati ya karne ya 19 wafanyabiashara wa Pwani waliokuwa wamefanya makao Ujiji walivuka ziwa kwenda Manyema kutafuta pembe za ndovu na watumwa. Mwambao wa magharibi, pamoja na rasi ya Ubwari na ghuba ambako mji wa Baraka upo leo, ukaingia katika njia zao. Wenyeji wa huko, Wabembe, Wabuyu, Wabwari na Wazoba, walikuwa kila watu na usemi wao. Kiswahili hakikuziondoa lugha hizo. Kilikaa kando yake, kikawa lugha ya kuuziana, ya safari na ya kuombana radhi mtu anapokuwa mbali na kwao.

Kabla ya hapo, na kwa muda mrefu baadaye, shule ya kusema ilikuwa lubunga, banda la wanaume katika kijiji cha Kibembe. Huko wazee walikula pamoja, wakapokea wageni na kukata mashauri, na vijana waliketi pembeni wakisikiliza. Aliyekuwa na kesi alitakiwa kuipanga: chanzo chake, nani alishuhudia, anadai nini. Maneno yakizunguka bila kufika, mzee alimrudisha mwanzo. Katika chama cha Bwami, walichokuwa nacho Wabembe kama jirani zao Walega, maarifa yalipitishwa kwa methali na kwa vitu vilivyochongwa, na mwanafunzi alipaswa kujua kila methali inafungua jambo gani. Ni makosa kudhani kwamba vijana wa Fizi walianza kufundishwa ufasaha pale karatasi ilipofika. Karatasi iliwakuta tayari na kipimo cha neno lililo wazi.

Barua zilizopita ziwani zamani hizo ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu, na zilikuwa na mpangilio ambao mtu yeyote aliyezoea aliweza kuutabiri. Kwanza jina la mpokeaji na heshima zake, kisha salamu na habari za afya, kisha maneno ya kuonyesha kwamba sasa shauri lenyewe linaanza. Shauri hilo mara nyingi lilikuwa fupi kuliko salamu: mzigo fulani, mikononi mwa fulani, ulipwe namna fulani. Mwisho wasalaam, jina na tarehe. Wajuzi wa kusoma walikuwa wachache, kwa hiyo barua moja ilisomwa kwa sauti mbele ya watu wengi, na mpangilio ule ulimsaidia msikilizaji kujua mahali pa kutega sikio.

Hasara ya kutoelewana ilionekana mapema katika maji hayohayo. Mwezi Machi 1858 Mwingereza John Speke alivuka kutoka Ujiji hadi kisiwa cha Kasenge, karibu na mwambao wa magharibi, kumwomba Sheikh Hamed bin Sulayyim jahazi. Speke alizungumza Kihindustani na mkalimani wake, Sidi Mubarak Bombay, aliyeuzwa utumwani akiwa mtoto na kukulia India. Bombay naye akayageuza kwa Kiswahili. Speke alirudi akiamini ameambiwa kwamba kaskazini mwa ziwa kuna mto mkubwa unaotoka ziwani. Yeye na mwenzake Richard Burton wakaona chanzo cha Nile kimekaribia kujulikana. Mwezi Aprili walipanda mitumbwi, wakapita Ubwari, wakafika Uvira. Wana wa mtawala wa huko wakawaambia kwamba mto Rusizi unaingia ziwani, hautoki. Ndipo Bombay akasema kwamba Speke hakuwa amemwelewa Hamed. Wazungu hao waligeuka bila kuuona mlango wa mto kwa macho yao, na ubishi ukaendelea Ulaya mpaka Novemba 1871, Livingstone na Stanley walipokwenda wenyewe na kuukuta mto ukimwaga maji ziwani, kama vijana wa Uvira walivyosema.

Kusoma kwa herufi za Kilatini kulikuja na Mapadri Weupe. Mwaka 1880 walifungua misheni Masanze, na mwaka 1883 nyingine Kibanga, kwenye ghuba ambayo sasa ilikuwa na jina la Burton. Wanafunzi wa kwanza walikuwa watoto waliokombolewa kutoka mikononi mwa wauza watumwa. Walitoka makabila mbalimbali, wengine hawakuwa na mtu wa kuzungumza naye lugha ya mama, na Kiswahili kikawa lugha yao ya sala, ya darasa na ya kucheza. Kitabu chao kilikuwa katekisimu: swali, jibu, swali, jibu, vyote vikikaririwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1890, vita vya kando ya ziwa vilipozidi, Kibanga iliachwa na shughuli zikahamia kusini, Baudouinville, ambayo leo ni eneo la Moba. Maisha ya kituo hicho yalikuwa mafupi, lakini namna yake ya kusoma ilidumu: kijana anasoma kwa sauti, wakubwa wasiojua herufi wanasikiliza, na neno gumu linaelezwa papo hapo kwa lugha ya nyumbani.

Utawala wa Ubelgiji uliacha elimu mikononi mwa misheni, Katoliki na Protestanti. Madarasa ya chini yalitumia Kiswahili. Kifaransa kilikuwa cha wachache waliopanda juu, nacho ndicho kilichofungua mlango wa ofisi. Maandishi ya nyumbani yalikuwa hasa Biblia na vitabu vya nyimbo. Hapo ndipo ulipowekwa mgawanyo ambao Fizi haijatoka: lugha anayofikiria kijana ni moja, na lugha anayopimwa nayo ni nyingine.

Uasi dhidi ya serikali mwaka 1964 ulizivunja shule hizo za misheni. Katika nusu ya kwanza ya mwaka mapigano yalienea Uvira na Fizi, na tarehe 28 Novemba 1964 waliuawa Baraka Padri Luigi Carrara na Bruda Vittorio Faccin, na Fizi Padri Giovanni Didonè pamoja na Padri Albert Joubert, Mkongo aliyezaliwa mwaka 1908. Wote wanne walitangazwa wenye heri mjini Uvira tarehe 18 Agosti 2024. Kwa vijana wa wakati ule maana ya karibu zaidi ilikuwa kwamba walimu hawakuwapo tena, na bunduki ilikuwapo.

Katika hali hiyo ndipo kijana mmoja alipopewa kazi ambayo haina mfano katika historia ya Kiswahili. Tarehe 24 Aprili 1965 kundi la kwanza la Wakuba waliokuja kuwasaidia waasi lilivuka kutoka Kigoma na kushuka Kibamba, kwenye mwambao wa Fizi. Kiongozi wao, Ernesto Che Guevara, alikuwa amejificha hata kwa wenyeji wake. Aliletwa kama daktari anayejua Kifaransa. Majina ya siri yalitolewa kwenye kamusi ya Kiswahili kwa kuhesabu: Víctor Dreke akawa Moja, José María Martínez Tamayo akawa Mbili, na Che akawa Tatu. Mpiganaji mwenye umri wa miaka 16, Freddy Ilanga, akaagizwa akae na Tatu, amfundishe Kiswahili na kumkalimania. Alifanya hivyo kwa takriban miezi saba.

Ugumu wa kazi ile unaeleweka mtu akihesabu lugha zilizokuwa mlimani. Wakuba walisema Kihispania. Makamanda wa Kongo walijua Kifaransa. Wapiganaji wa kawaida walisema Kiswahili na lugha za kwao, na wapiganaji Wanyarwanda waliokuwa pamoja nao walisema Kinyarwanda. Amri moja ilipita vinywa vitatu kabla ya kufika kwa mtu wa kuitekeleza, na kila kinywa kiliongeza au kupunguza. Katika kambi ya juu, saa chache za kupanda kutoka Kibamba, Wakuba walifungua masomo ya kila siku: Kifaransa, Kiswahili na maarifa ya jumla. Darasani mambo yalikwenda vizuri kuliko vitani. Shambulio la Bendera la mwishoni mwa Juni 1965 lilishindwa vibaya, na wapiganaji walioambiwa wabebe chakula walikataa, wakijibu kwamba wao si magari ya mizigo. Kila mmoja alielewa maneno ya jibu hilo. Chuki iliyokuwa ndani yake, ya watu waliochoka kutumwa na wakubwa wasiokaa nao, ilihitaji mtu anayeishi ndani ya lugha ili kuisikia.

Mamluki wa serikali chini ya Mike Hoare walishuka karibu na Baraka mwishoni mwa Septemba 1965, na Wakuba wakaondoka kwa mashua usiku wa Novemba 21. Miezi iliyofuata, akiwa amejificha Dar es Salaam, Che aliandika tathmini ya kushindwa kwake, na kati ya makosa aliyojihesabia lipo la kutojifunza Kiswahili kwa bidii. Kifaransa chake, anaeleza, kilimfikisha kwa viongozi na kikamweka mbali na askari. Hukumu hiyo ni ya haki, na inafaa kukumbukwa na kila anayefika Fizi na mpango mzuri mkononi. Freddy Ilanga alipelekwa Kuba, akasoma huko hadi akawa daktari, na alifariki mwaka 2005 baada ya miaka 40 mbali na ndugu zake wa Kivu.

Milima ya Fizi haikurudi haraka chini ya serikali. Tarehe 24 Desemba 1967 Laurent-Désiré Kabila alianzisha chama cha PRP, na kwa karibu miaka 20 kilitawala sehemu ya eneo hilo kutoka makao yake ya Hewa Bora, kikitoa mafunzo ya siasa kwa Kiswahili. Chama hicho kilijua uzito wa karatasi: baada ya wapiganaji wake kuwateka watafiti wanne huko Gombe, ng'ambo ya ziwa, tarehe 19 Mei 1975, walimrudisha mmoja wao Tanzania akiwa amebeba barua za madai. Kwingineko mashariki mwa nchi, iliyoitwa Zaire wakati huo, shule ziliendelea na mwendo wa Kiswahili katika miaka ya kwanza ya msingi, kisha Kifaransa mpaka mtihani wa serikali, Exetat, ulioanzishwa mwaka 1967.

Vita vya 1996 vilivusha maelfu ya familia za Fizi hadi mkoa wa Kigoma. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka huo, na Lugufu ikafuata. Watoto walisoma programu ya Kongo, kwa sababu matumaini yalikuwa kurudi, lakini nje ya darasa walizungukwa na Kiswahili cha Tanzania: redio, magazeti, nyimbo, mahubiri, matangazo ya kliniki. Kuanzia Oktoba 2005 meli zilianza kuwarudisha kutoka Kigoma hadi Baraka, na Lugufu ikafungwa mwaka 2009. Vijana wengi waliorudi walikuwa wamezaliwa au kukulia kambini. Aliyezoea kuandika "nina" na "watu" alikaa dawati moja na mwenzake anayesema "niko na" na "batu". Walielewana bila shida, lakini kila mmoja alijua mwenzake alipolelewa. Kurudi huko kuliingiza Baraka Kiswahili cha vitabu kwa wingi kuliko misheni yoyote ya zamani.

Redio nayo ilisaidia kukieneza Kiswahili. Radio Okapi, iliyoanza Februari 2002, hutangaza kwa Kifaransa na kwa lugha nne za taifa, Kiswahili kikiwa mojawapo. Redio za jamii zilikikaribisha Kiswahili cha Baraka chenyewe kwenye kipaza sauti. Katika mji unaokumbwa na kipindupindu mara kwa mara, na ambako Madaktari Wasio na Mipaka walianza kufanya kazi mwaka 2003, tangazo la kutibu maji haliwezi kuwa na mapambo. Likieleweka nusu, mtu hufa.

Kijana wa sekondari wa leo anaishi na lugha tatu kwa siku: Kibembe au Kifuliiru au Kibuyu nyumbani, Kiswahili sokoni na kwenye simu, Kifaransa ubaoni. Kabla ya karatasi nyingine za Exetat huandika insha kwa Kifaransa, ambapo hupewa mada na kutakiwa aieleze, aitetee kwa mifano na kuifunga kwa mpangilio. Madai hayo ndiyo yaleyale ya lubunga. Sheria ya elimu ya Februari 2014 inazitambua lugha za taifa kama lugha za kufundishia, na Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, jumuiya ambayo imekipa Kiswahili hadhi rasmi. Hata hivyo kitabu cha hadithi kwa Kiswahili, kinachosomwa kwa kupenda tu, bado ni adimu katika shule za Baraka, ilhali Kigoma, ng'ambo ya ziwa, vitabu kama hivyo vinauzwa madukani. Wakuu wa shule, maparoko na wachungaji wa Fizi waviagize: mashua zinazoleta sabuni na sukari zinaweza kuleta na vitabu.