Babu Aliomba Kufa: Historia ya Swali Moja

Mimi nafanya kazi na vijana hapa makazini, kusini-magharibi mwa Uganda. Kila Jumamosi mchana tunakaa chini ya mti karibu na uwanja wa mpira, tunafanya mdahalo. Siku moja vijana wenyewe walichagua mada hii: mgonjwa asiyeweza kupona, na yeye mwenyewe anaomba kufa, asaidiwe au asisaidiwe?

Jambo hilo linaitwa eutanazia. Neno lenyewe limetoka kwa Wagiriki wa zamani, maana yake kifo chema. Mimi nilikuwa msimamizi, kwa hiyo sikutakiwa kuonyesha upande. Lakini swali hilo nilikuwa nalijua tayari. Babu yangu alikuwa ameniuliza, na sikumjibu.

Babu alikuwa na kansa ya tezi dume, ikawa imefika kwenye mifupa. Mchana alijikaza, wageni wakija anacheka nao. Usiku ndipo ilikuwa shida. Alikuwa analia kama mtoto, na nyumba zetu mnazijua, ukuta ni wa udongo, jirani anasikia yote. Kituo kimoja tulichompeleka walitupa Panadol, wakasema hakuna kingine cha kufanya, turudi naye nyumbani. Usiku mmoja aliniita karibu, akasema: "Mujukuu wangu, weye ndiye ulisoma. Mutafute kitu munipe, nilale, nisiamuke tena." Nilishika mkono wake tu. Nilitoka nje nikakaa kwenye jerikeni mpaka asubuhi.

Baada ya ule mdahalo nilianza kutafuta historia ya swali hili. Nilidhani nitakuta ni jambo la juzi, la wazungu na mashine zao za hospitali. Kumbe ni la zamani sana. Kile kiapo cha madaktari wa Ugiriki, kinachoitwa kwa jina la Hippocrates, kina zaidi ya miaka 2,000, na ndani yake daktari anaapa kwamba hatampa mtu dawa ya kumuua hata akiombwa. Nilijiuliza: kama waliapa hivyo, si ina maana wagonjwa walikuwa wanaomba? Mtu hakatazwi jambo ambalo hakuna anayeliomba. Kwa hiyo babu hakuwa wa kwanza, wala hakuwa na imani ndogo kama jirani mmoja alivyosema. Alikuwa na maumivu.

Sehemu ya pili ya historia ni ngumu, lakini sisi wakimbizi lazima tuijue. Katika Ujerumani ya Hitler kulikuwa na bango lililomwonyesha mgonjwa mlemavu ameketi, na juu yake imeandikwa kwamba mtu huyu anaigharimu jamii Reichsmark 60,000 katika maisha yake. Kwanza walimfanya mtu kuwa bei. Mwaka 1939 Hitler alitia sahihi barua ya kuwaruhusu madaktari kutoa walichokiita kifo cha huruma. Kati ya 1940 na Agosti 1941 watu zaidi ya 70,000, wagonjwa wa akili na walemavu, waliuawa kwa gesi katika vituo sita. Hakuna aliyewauliza kama wanataka kufa. Familia zilipelekewa barua za uongo kwamba ndugu yao amekufa kwa ugonjwa wa kawaida. Tarehe 3 Agosti 1941 askofu wa Münster, Clemens August von Galen, alisimama kanisani akasema wazi kwamba haya ni mauaji. Mwezi huo huo Hitler aliamuru mauaji ya gesi kwa wagonjwa yasimame, ingawa katika hospitali nyingi waliendelea kuwaua kimyakimya, kwa njaa na kwa dawa.

Hiyo si eutanazia wanayoizungumzia watu leo, na si haki kuzichanganya. Lakini mimi nimeishi kwa kuhesabiwa: kadi, kilo za chakula, idadi ya watu katika nyumba. Ninajua mtu anavyojisikia akianza kujiona mzigo. Babu mwenyewe alisema zaidi ya mara moja kwamba anakula chakula cha watoto. Ndiyo maana mtu maskini anaposema anataka kufa, mimi nauliza kwanza ni nani aliyemwambia kwamba maisha yake ni gharama.

Sehemu ya tatu ni ya sheria. Uholanzi, mwaka 1971, daktari mmoja aitwaye Geertruida Postma alimchoma mama yake mzazi sindano ya mofini iliyomuua. Mama huyo alikuwa amepooza, na alikuwa amemwomba mara nyingi. Mwaka 1973 mahakama ilimkuta na kosa, lakini adhabu ilikuwa kifungo cha wiki moja chenye masharti, yaani hakuingia jela. Mabishano yaliendelea karibu miaka thelathini, mpaka sheria ya kuruhusu ikaanza kazi Aprili 2002. Mwaka huo huo Ubelgiji nayo iliruhusu. Sheria ya Uholanzi ina masharti: mgonjwa aombe mwenyewe bila kulazimishwa, mateso yawe hayavumiliki na hayana matumaini ya kupungua, daktari wa pili amwone, na baadaye kamati ichunguze.

Afrika pia swali limefika mahakamani. Mwaka 2015 mwanasheria wa Afrika Kusini, Robin Stransham-Ford, aliyekuwa anakufa kwa kansa, aliiomba Mahakama Kuu ya Pretoria imruhusu daktari amsaidie kufa. Tarehe 30 Aprili jaji alikubali. Kumbe mgonjwa alikuwa amekwisha kufa saa chache kabla, siku hiyo hiyo. Desemba 2016 Mahakama ya Rufani ilifuta uamuzi huo. Hapa Uganda, kumsaidia mtu kujiua ni kosa la jinai.

Hapo nataka niweke jambo moja sawa, kwa sababu vijana wengi walikuwa wanachanganya. Familia ikikubali kwamba hospitali haiwezi tena kumponya mgonjwa, wakamrudisha nyumbani afie kati ya watu wake, hiyo si eutanazia. Hawakumuua, ugonjwa ndio umemuua. Najua mama mmoja ambaye mpaka leo anajilaumu kwa kumtoa mume wake hospitalini. Mama, kama unasoma hapa au unasomewa, hukumuua.

Sasa sehemu ya nne, ambayo sikuitegemea. Mwaka 1948 katika hospitali moja ya London kulikuwa na Myahudi kutoka Warsaw, Poland, jina lake David Tasma. Alikuwa mkimbizi, hana ndugu karibu, anakufa kwa kansa. Aliyekuwa anakuja kukaa naye ni mfanyakazi wa ustawi wa jamii, Cicely Saunders. Walizungumza sana kuhusu mahali ambapo mtu kama yeye angeweza kufa vizuri zaidi, mahali pa kutuliza maumivu na kumsikiliza mtu. Alipokufa alimwachia pauni 500, akamwambia kwamba yeye atakuwa dirisha katika nyumba atakayoijenga. Saunders alirudi shule akasomea udaktari, na mwaka 1967, miaka 19 baadaye, akafungua St Christopher's, hospisi ambayo dunia nzima ilijifunza kwayo. Alifundisha kwamba maumivu ya anayekufa si ya mwili peke yake. Kuna ya akili, ya familia, na ya roho. Na alipinga eutanazia maisha yake yote.

Niliposoma hayo nilifunga kitabu kidogo. Kazi hii yote ilianza na mkimbizi mmoja na akiba yake.

Kazi hiyo ilifika kwetu pia. Zimbabwe walianza mwaka 1979, Nairobi mwaka 1990. Mwaka 1993 daktari Anne Merriman, mzaliwa wa Liverpool, alianzisha Hospice Africa Uganda mjini Kampala. Alijua namna ya kutengeneza mofini ya kunywa: unga wa mofini unachanganywa na maji na kitu cha kuzuia isiharibike, unatiwa kwenye chupa. Ni bei nafuu, na mgonjwa anakunywa akiwa nyumbani kwake. Lakini madaktari walikuwa wachache. Basi mwaka 2004 Uganda ilibadilisha kanuni, wauguzi na maofisa wa kliniki waliofundishwa kazi hii wakaruhusiwa kuandika mofini. Afrika hakuna nchi nyingine iliyokuwa imefanya hivyo kabla.

Babu aliipata chupa hiyo kwa sababu VHT wa kijiji chetu alimsikia akilia usiku, akaenda kuuliza watu mpaka akampata muuguzi aliyefundishwa. Muuguzi alikuja na pikipiki. Alitueleza: kila saa nne anywe, asisubiri maumivu yarudi, dozi ya kulala iwe mara mbili ili asiamshwe usiku wa manane, na dawa ya kulainisha choo iende pamoja. Shangazi aliogopa, akasema hiyo ndiyo dawa ya kuulia watu. Muuguzi hakukasirika. Alisema ikipimwa vizuri na kuongezwa taratibu, inaua maumivu, haimuui mtu.

Siku ya tatu babu aliomba chai. Aliishi wiki saba. Katika wiki hizo alimwita mdogo wake ambaye hawakusemezana tangu Kongo, kwa sababu ya shamba, wakapatana. Alinionyesha kwa kijiti, kwenye udongo, mpaka wa shamba hilo ulipo, mto uko wapi na mwembe uko wapi. Hakuomba tena kufa. Alikufa alfajiri, mkono wake uko mikononi mwa shangazi.

Nilipowaeleza vijana haya, binti mmoja alinyoosha mkono. Alisema: "Lakini kuna ambaye atapewa dawa, atapendwa, na bado ataomba. Huyo utamwambia nini?" Swali lake ni la haki. Kuna wagonjwa kama hao, na wale walioandika sheria ya Uholanzi hawakuwa watu wabaya. Mimi naamini hapana, asiuawe, nitakaa naye. Ila sitajifanya kwamba jibu langu linamtosha mtu ambaye mwili unaouma ni wake.

Ninachokijua kwa hakika ni kidogo kuliko hicho. Ule usiku wa jerikeni, babu alikuwa anachagua kati ya Panadol na kifo. Huko si kuchagua. Kwa hiyo ndugu zangu mnaouguza, mkifika kituoni msikubali kuambiwa "hakuna kingine". Ulizeni kwa jina: hapa kuna mofini ya kunywa? Kama haipo, nani anayo, na tutampataje? Na ninyi mnaofanya kazi na mashirika, mnaosoma jarida hili ofisini, mkiandika orodha ya mahitaji ya makazi, waandikeni na hawa ambao hawatapona. Na wao bado wana watu wa kupatana nao.