Domo la bata kati ya Gitega na Muyinga

Mwaka 1967 Michel Vuylsteke alipita katika vilima vya Burundi na mashine ya kunasia sauti, akirekodi kwa ajili ya Ocora, lebo ya redio ya Ufaransa. Alinasa ngoma. Alinasa inanga, ala ya nyuzi ambayo mpigaji wake huimba kwa mnong'ono hadi masikio yashindwe kutenga neno na uzi. Alinasa wanawake wakipuliza ndani ya viganja vyao wenyewe, muziki uitwao ubuhuha, na wengine wakisalimiana kwa akazehe, salamu ya kuimba ambayo mmoja huongoza na mwenzake hujaza nafasi zinazobaki. Santuri ikatoka mwaka uliofuata kwa jina la Musique du Burundi.

Ngoma zile hazikukaa kwenye rafu za wataalamu. Mwaka 1971 ziliwekewa piano na gitaa juu yake, zikauzwa kwa jina la Burundi Black, na zikaingia kwenye chati za Uingereza. Mwaka 1975 Joni Mitchell akazitandika chini ya wimbo wake "The Jungle Line". Miaka ya 1980 ilipoanza, vijana wa London, Adam and the Ants miongoni mwao, walikuwa wakijenga nyimbo zao juu ya mapigo ya Burundi. Sauti ilitoka kilimani, ikazunguka dunia, ikatajirisha santuri za wengine. Aliyeipiga hakupata nafasi ya kuwasikiliza waliomsikiliza na kuwajibu.

Makala hii inahusu saksafoni, na nimeanza na mkanda huo kwa sababu historia ya saksafoni katika nchi zetu ni ya mkanda wa namna hiyo ukisafiri kwa njia ya kinyume. Sauti ya mbali iliingia ndani ya santuri, ndani ya redio, ndani ya kaseti. Mpulizaji wa huku akaisikiliza, akaiiga, akaijibu peke yake chumbani. Leo, kwa mara ya kwanza, jibu lake linaweza kutoka.

Chombo chenyewe kina undugu wa uchungu na Burundi. Adolphe Sax alizaliwa mwaka 1814 huko Dinant, mji wa kando ya mto Meuse katika Ubelgiji ya leo, na akapata hataza ya saksafoni mjini Paris mwaka 1846. Alitaka ala yenye nguvu ya tarumbeta na wepesi wa filimbi, itakayosikika katika bendi za kijeshi zinazopiga uwanjani. Miaka 70 baadaye, mwaka 1916, majeshi ya Ubelgiji yaliichukua Gitega kutoka kwa Wajerumani, ambao mwaka 1912 walikuwa wameufanya mji huo makao ya utawala wao wakiuita Kitega. Wabelgiji walibaki hadi uhuru, tarehe 1 Julai 1962. Ubelgiji ilimheshimu Sax kiasi cha kuweka sura yake kwenye noti ya faranga 200. Lakini saksafoni iliyowaingia watu wa Maziwa Makuu damuni haikuletwa na gwaride la mkoloni. Ililetwa na dansi.

Kabla ya dansi kulikuwa na beni. Ngoma hiyo ilianza pwani ya Kenya katika miaka ya 1890, watu wakiiga bendi za kijeshi kwa tarumbeta, matari na vyeo vya kujipa. Vita vya Kwanza vya Dunia vikaisambaza bara, kwani askari na wapagazi waliibeba kila walikopelekwa. Beni ilizoesha masikio yetu sauti ya pumzi ndani ya shaba. Kisha mwaka 1932 ikaundwa Dar es Salaam Jazz Band, na kuanzia mwaka 1933 santuri za mfululizo wa GV, zilizobeba muziki wa Cuba, zikaanza kuenea Afrika. Neno Jazz likabandikwa kwenye kila bendi: Morogoro Jazz, Tabora Jazz, Western Jazz, Kilwa Jazz. Walichopiga hakikuwa jazi ya Marekani, na hakuna aliyedai kuwa ndiyo. Jina lilimaanisha mambo ya kisasa, magitaa na ala za kupulizwa, watu wamevaa vizuri Jumamosi usiku.

Huko Léopoldville, Kinshasa ya leo, saksafoni ilipata wafalme. Isaac Musekiwa alitoka Rhodesia ya Kusini akapuliza katika OK Jazz. Jean Serge Essous wa ng'ambo ya pili ya mto, Brazzaville, alikuwa miongoni mwa waliounda bendi hiyo mwaka 1956. Halafu akaja kijana aliyezaliwa mwaka 1944, Georges Kiamuangana Mateta, akajiunga na OK Jazz mwaka 1963 na saksafoni yenye ukali ambao Franco, kiongozi wa bendi, hakuwa nao hapo kabla. Dunia inamjua kwa jina la Verckys. Jina hilo lina kisa ninachokipenda kuliko vyote katika historia hii. Inasimuliwa kwamba kijana huyo alivutiwa na Mmarekani King Curtis, mpulizaji wa Texas, na kwamba Verckys ndivyo masikio yake yalivyolipokea jina la Curtis. Kosa la masikio likawa jina la msanii mkubwa, kiongozi wa Orchestre Vévé. Alifariki Oktoba 2022, na jina bado limebaki.

Ndivyo tulivyojifunza sote: kwa kusikia, bila karatasi, tukibeba na makosa yetu. Upande wa Uganda yupo Moses Matovu, ambaye ameipuliza saksafoni ya Afrigo Band tangu bendi hiyo iundwe mwaka 1975. Tanzania, ambako wapenzi wa dansi waliibatiza saksafoni domo la bata, kuna King Michael Enock, aliyekuwa bingwa wa gitaa na wa domo hilo pia, na Rashid Pembe, ambaye mashabiki humwita Profesa. Nyimbo za Mlimani Park, bendi ya dansi ya Dar es Salaam, hazihitaji mkalimani katika soko la Muyinga, mji ulio karibu na mpaka wa Kobero, ambako malori huingia kutoka Ngara na Kiswahili ni lugha ya biashara na ya msikiti.

Jazi yenyewe, ya Marekani, ilikuja kwa mawimbi mafupi. Kuanzia mwaka 1955 Willis Conover alikuwa akitangaza kipindi cha jazi katika Sauti ya Amerika, kwa Kiingereza cha polepole ili kila msikilizaji wa mbali amfuate. Sauti ilififia, ikarudi, ikafunikwa na mvumo wa stesheni nyingine. Aliyetaka kujifunza kipande cha saksafoni kwa njia hiyo alikuwa na nafasi moja tu, kisha asubiri siku ambayo kitarudiwa, kama kitarudiwa.

Asidhani mtu kwamba huo ni umaskini wa huku peke yake. Charlie Parker, aliyeibadilisha saksafoni kuliko mtu yeyote katika karne iliyopita, alijifunza hivyohivyo. Mwaka 1937, akiwa na miaka 16, alikwenda kufanya kazi katika hoteli za vilima vya Ozark huko Missouri akiwa na santuri za bendi ya Count Basie, na majira yote ya joto akazifuatisha solo za Lester Young, mpulizaji wa saksafoni wa bendi hiyo, mpaka akazijua noti kwa noti. Aliporudi Kansas City, waliomjua walishangaa.

Na mwaka uleule wa 1967, Vuylsteke alipokuwa Burundi, mpulizaji wa Indiana aitwaye Jamey Aebersold alitoa santuri ya kwanza katika mfululizo wake wa mafunzo. Ilikuwa na piano, besi na ngoma, lakini nafasi ya mpulizaji iliachwa wazi. Unaiweka kwenye gramafoni, na bendi inakungoja wewe. Naziona santuri hizo mbili kama mapacha wasiojuana. Moja ilichukua sauti ya Burundi ikaondoka nayo, nyingine ilitengeneza kiti kitupu ambacho hata mtu wa Burundi angeweza kukikalia siku moja. Leo kiti hicho kimo ndani ya simu, katika programu zinazopiga bendi nzima kwa mwendo wowote utakao.

Wapulizaji wasio wa kulipwa, ulimwenguni kote, wamekipenda kiti hicho. Huchagua kibao kimoja, kila mmoja hujirekodi kwa wakati wake akiwa kwake, kisha hutumiana na kusikilizana. Mara nyingi kibao hicho huwa bluzi, na sababu ni ya kiufundi. Bluzi ya jazi ina vipimo 12 tu. Vinne vya kwanza uko nyumbani. Viwili unakwenda kwa jirani, viwili unarudi. Katika vinne vya mwisho unatembea hadi mbali kabisa, halafu unashika njia ya kurejea, na kipimo cha 12 hukusukuma uanze upya. Anayejua mduara huo anaweza kupiga na mtu yeyote. Duke Ellington aliandika "C Jam Blues" kwa noti mbili tu. Mwanafunzi wa mwezi wa kwanza huiweza, na mzee wa miaka 40 ya kupuliza hajaimaliza.

Tumchukue basi mpulizaji wa saksafoni ya alto aliye Gitega na mwenzake wa tenor aliye Muyinga, na kibao kiwe "Now's the Time", ambacho Parker alikirekodi tarehe 26 Novemba 1945. Kati yao kuna barabara inayopita Karusi, na kati yao kuna hesabu ya Adolphe Sax, aliyeziunda alto na tenor kwa funguo tofauti. Kibao kiko kwenye F ya piano. Wa alto lazima akisome kwenye D, wa tenor kwenye G. Wakiandikiana jina la noti bila kukumbuka jambo hilo, watagombana bure, kila mmoja akiwa sahihi. Wakitumiana sauti hawatagombana, kwa maana sikio halina habari na majina ya noti. Hapo mkanda unaushinda waraka.

Kuna baridi pia. Gitega iko kama mita 1,500 juu ya bahari, na alfajiri ya Juni shaba huwa ya baridi. Saksafoni baridi hushuka sauti, na bendi ya ndani ya simu haishuki nayo. Usipoipasha kwa pumzi zako kwanza, utajisikia umepotoka mwanzo hadi mwisho. Kuna ridi, kile kipande chembamba cha tete kinachotetemeka mdomoni, ambacho kwa kawaida hutokana na matete ya mkoa wa Var, kusini mwa Ufaransa. Kikichanika, hakuna fundi wa mtaani anayekiunga. Na kuna kipaza sauti cha simu, kilichotengenezwa kwa mazungumzo. Puliza karibu nacho na sauti itapasuka. Kaa hatua nne, elekea pembeni, funga mlango, na uombe mvua isinyeshe juu ya bati.

Mlango wa kutuma ulichelewa kufunguka. Nyaya za chini ya bahari ziliifikia pwani yetu mwaka 2009 na 2010, SEACOM kwanza kisha EASSy, na Burundi isiyo na bahari ilibidi ingoje nyuzi za nchi kavu zipande milima. Kabla ya hapo mawasiliano yalipitia setilaiti kwa bei ya kuumiza. WhatsApp ilipoongeza ujumbe wa sauti mwaka 2013, mtu alipata kinasa sauti na posta katika kitufe kimoja. Kabla ya yote hayo, Bujumbura ilikuwa imeishi kwa miaka mingi na amri ya kutotembea usiku, iliyoondolewa Aprili 2006, na muziki wa dansi bila usiku ni sawa na soko bila siku yake. Nadhani ndiyo maana chumba, simu na bendi ya kubuni havionekani huku kama mbadala duni wa ukumbi. Ukumbi ulikuwa umefungwa muda mrefu.

Wamarekani wenyewe walikuwa wametuita zamani. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kundi la Herbie Hancock lilijipa majina ya Kiswahili. Hancock akawa Mwandishi, mpiga besi Buster Williams akawa Mchezaji, mpiga ngoma Billy Hart akawa Jabali, na mpulizaji wa saksafoni Bennie Maupin akaitwa Mwile. Walichukua lugha yetu kwa upendo, mbali sana nasi. Mpulizaji wa Muyinga anayewatumia leo vipimo 12 vyake anawapelekea jibu lililochelewa nusu karne. Na namna ya kujibu anaijua tangu utotoni, kwa kuwa akazehe ni hivyohivyo: mmoja anaanza, mwingine anasikiliza mahali palipoachwa wazi, anaingia hapo.

Nina ombi moja kwa wote wanaojirekodi, na nalitoa nikiukumbuka ule mkanda wa 1967 na mikono iliyopiga ngoma zake, mikono ambayo mashabiki wa Burundi Black hawakuwahi kuijua ni ya nani. Kabla ya kupuliza, sema jina lako. Sema mji wako, ala yako, kibao na tarehe, kwa sauti, ndani ya rekodi yenyewe, ili isiweze kukatwa na kupotea kama karatasi. Kisha vuta pumzi, uhesabu: moja, mbili, moja, mbili, tatu, nne.